Jinsi Mheshimiwa Fisi Alivyojitunuku Ziro

Waraka wa Elimu wa Bonde la Ngerembe Kuhusu Utaratibu wa Kupiga Makofi, Kupiga Vigelegele na Kutikisa Mikia Wakati wa Kutangazwa Matokeo ya Mtihani wa Kuvuka Mto, Toleo Lililofanyiwa Marekebisho.

Naam, hicho ni kichwa tu. Waraka wenyewe ulikuwa na maneno mawili: pigeni makofi. Lakini si adabu kuanza na waraka kabla ya salamu.

Nije, nisije?

— Njoo.

Nije na kweli, au nije na uongo?

— Njoo na vyote, tutachambua wenyewe.

Nikiwauliza maswali?

— Tutabahatisha.

Na nikiwafelisha?

— Tutakata rufaa.

Basi kaeni vizuri. Aliye nyuma asogee, na anayetafuna atafune polepole, nisije nikadhani ni Fisi.

Palikuwa na bonde. Katikati ya bonde palikuwa na mto, na mto huo uliitwa Ngerembe. Masika, wanyama walikaa upande huu wa mto, wakala majani wakashiba. Kiangazi kikikaza, majani ya upande huu yaliisha, na wote wakahamia ng'ambo, kwenye chemchemi zisizokauka. Na kwa nini wasikae ng'ambo mwaka mzima? Swali zuri. Masika ng'ambo ni tope na mbu. Mbu wenyewe walikuwa wanalalamika.

Mto Ngerembe haukuwa mpana sana, ila ulikuwa na haraka zake. Kwa hiyo wahenga wa bonde walianzisha shule, na shule ile ilikuwa na somo moja tu: kuvuka mto. Mwalimu alikuwa Kenge, mama mtu mzima, ngozi ngumu, maneno machache. Asubuhi anawapanga watoto ukingoni, anawatia majini, anawaambia, "Piga miguu. Kichwa juu. Usiuangalie mto, angalia unakokwenda." Aliyeweza, alivuka. Aliyeshindwa, Mwalimu Kenge alimkamata mkia, akamrudisha ukingoni, akasema, "Umefeli. Kesho tena." Mtoto analia kidogo, anakula, analala, kesho anarudi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufa kwa kufelishwa na Mwalimu Kenge.

Na ilikuwepo desturi moja. Mtoto akifaulu, wazazi wake waliokota mfupa porini, wakaupeleka kwa Mkurugenzi wa Elimu. Uliitwa mfupa wa shukrani. Wakurugenzi wa zamani walikuwa akina Twiga na akina Pundamilia, watu wasio na habari na mifupa. Waliupokea, wakasema asanteni sana, wakauweka kando.

Halafu akateuliwa Fisi.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, mifupa ikaletwa. Fisi akaitafuna yote, kach, kach, kach, akalamba midomo, akauliza, "Mbona michache?"

Wakamwambia, "Mheshimiwa, waliofaulu ndio hao. Wengine wamefeli."

"Wamefeli kwa nini?"

"Hawawezi kuvuka mto."

Fisi akafikiri. Fisi akifikiri, tumbo lake lilikuwa likinguruma, guru, guru, guru, hivyo wananchi waliweza kusikia kwamba ofisi iko kazini.

"Kumbe tatizo ni mto," akasema.

Na hapo yakaanza Mageuzi ya Elimu.

Mwaka uliofuata, Fisi akaagiza mtihani utolewe mtoni upelekwe kwenye dimbwi. Watoto wakavuka dimbwi, chubwi, chubwi, chubwi. Waliofaulu wakaongezeka. Mifupa ikaja, Fisi akatafuna, kach, kach, kach, akauliza, "Mbona michache?"

Mwalimu Kenge akasema, "Mheshimiwa, dimbwi si mto."

"Mwalimu," akasema Fisi, "hayo ni mawazo ya kizamani."

Mwaka uliofuata, Fisi akaagiza mtihani utolewe kwenye dimbwi upelekwe kwenye umande. Watoto wakapita kwenye nyasi alfajiri, chwa, chwa, chwa. Aliyelowa kwato, kafaulu. Wakafaulu karibu wote, isipokuwa waliochelewa kuamka wakakuta jua limeshakausha mtihani. Mifupa ikaja, Fisi akatafuna, kach, kach, kach, akauliza, "Mbona michache?"

Mwalimu Kenge akasema, "Mheshimiwa, umande si mto."

"Mwalimu, unawakatisha watoto tamaa."

Mwaka uliofuata, Fisi akaagiza mtihani utolewe kwenye umande upelekwe mchangani. Wakauchora mto kwa kijiti, mstari huku, mstari kule. Watoto wakaruka, tup, tup, tup. Wakafaulu wote. Waliokuwa wagonjwa siku ya mtihani nao wakafaulu, kwa kuwa hawakuonyesha dalili yoyote ya kuzama. Watoto wote wa bonde wakapata Divisheni Wani, na kila mmoja akavishwa shingoni cheti cha gome la mti. Mifupa ikaja rundo. Fisi akatafuna mpaka taya zikamuuma, na hakuuliza kitu, maana mdomo ulikuwa umejaa.

Mwalimu Kenge akasema, "Mheshimiwa, mto uko vilevile."

Fisi akampa uhamisho. Mwalimu Kenge akapangiwa kazi ya kusimamia usafi wa mawe ya mtoni. Na Kenge alikuwa mtumishi wa kweli: alikabidhiwa mawe, akasugua mawe. Fyu, fyu, fyu, kutwa nzima, mpaka jiwe likawa jeupe kama meno ya mtoto.

Mtaniuliza, na hao watoto walivukaje kiangazi? Hawakuvuka. Mvua za miaka ile zilikuwa nzuri, kiangazi kikawa kifupi, majani yakatosha upande huu. Ndiyo maana mageuzi yalionekana yamefanikiwa sana.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilichungulia tu, ikaenda zake.

Sasa, katika bonde lile alikuwepo mama mmoja, digidigi. Digidigi mnamjua: mdogo kuliko mbuzi, miguu kama vijiti vya mishikaki, macho makubwa utadhani amesikia umbea sasa hivi. Alikuwa na mtoto mmoja, Siwema, kwa hiyo watu walimwita Mama Siwema. Na Siwema alikuwa na Divisheni Wani, tena cheti chake hakivui hata akilala.

Mama Siwema aliangalia majani yanavyogeuka manjano. Akamwambia mwanawe, "Twende mtoni, mwanangu, unionyeshe ulichosoma."

Wakaenda. Siwema akasimama ukingoni. Akautazama mto kwa muda.

"Mama, huu unatembea."

"Ndiyo, mito hutembea."

"Wa kwenye mtihani ulikuwa umetulia."

"Na wewe uliuvukia wapi?"

"Pale pembeni, mkono wa mchoraji ulipoteleza. Palikuwa pembamba."

Siwema hakuwa mwoga. Alirudi nyuma, akashika mwendo, akaruka kama alivyofundishwa, tup, akaangukia kwenye maji. Mto haukuuliza divisheni. Ulimzungusha mara moja, ukaanza kuondoka naye. Mama yake akaruka, akamdaka sikio kwa meno, akamvuta ukingoni. Wakakaa kwenye mchanga wanatetemeka wote wawili, yule mdogo kwa baridi, yule mkubwa si kwa baridi.

Mama Siwema hakuuogopa mto. Yeye alisoma kwa Kenge, alifeli mpaka akazoea, kisha akavuka. Alichoogopa ni siku ya kuhama. Siku hiyo majani yatakuwa yamekwisha. Akivuka yeye, Siwema atabaki upande huu afe njaa. Wakivuka wote, Siwema ataondoka na maji. Kulikuwa na njia moja tu: Siwema afundishwe, na afundishwe sasa.

Akamwendea Kenge, akamkuta anasugua jiwe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulikuwa unapiga mguu wa kushoto vibaya. Siku hizi je?"

"Nimenyoosha. Mwalimu, nisaidie, nifundishie mtoto wangu."

Kenge akaligeuza jiwe upande wa pili. "Nilihamishwa, mama. Siruhusiwi kugusa mwanafunzi, nagusa mawe. Na utaratibu unasema mwenye cheti harudii darasa. Kamwombe Mkurugenzi amfelishe, halafu uniombee mimi nirudi kazini. Hapo nitakuwa na la kufanya."

Mama Siwema akaenda ofisini.

"Hodi, Mheshimiwa."

"Karibu, Mama Siwema. Umeleta mfupa?"

"Nilileta siku ya matokeo."

"Ulikuwa mdogo."

"Na mimi ni mdogo, Mheshimiwa. Nimekuja na ombi. Naomba mwanangu afeli."

Fisi akaacha kutafuna. Tangu ateuliwe alikuwa hajaacha kutafuna.

"Afeli nini?"

"Mtihani."

"Mama, kufeli kumefutwa. Kulikuwa kunaharibu takwimu."

"Hata kidogo, Mheshimiwa? Mpe tu divisheni foo."

"Foo tuliipandisha ikawa thrii. Thrii tukaipandisha ikawa tuu, na tuu ikawa wani. Huko chini hakuna mtu, pamefungwa."

"Lakini mtoto hajui kuvuka."

"Anajua. Amefaulu."

"Nimempeleka mtoni, amechukuliwa na maji."

Fisi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi ni mto ndio haukufuata mtaala."

Mama Siwema akamtazama vizuri, akaona jambo ambalo hakuwa amelitegemea. Huyu bwana hakuwa anadanganya. Alikuwa ameitafuna mifupa ya watoto waliofaulu mpaka akaamini wamefaulu. Mwongo unaweza kumwaibisha. Anayeamini humwaibishi, inabidi umfuate hukohuko anakoamini, umsukume mbele kidogo.

"Kweli, Mheshimiwa," akasema. "Mimi sikusoma sana. Nilisoma kwa Kenge." Akainuka. Alipofika mlangoni akasimama. "Ila kuna jambo linanikera, na sijui kama linafaa kusemwa."

"Sema."

"Nimemsikia Baba Ngiri pale njia panda. Anasema, mwanangu ana Divisheni Wani, je, Mkurugenzi mwenyewe ana nini?"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kasema hivyo?"

"Nikamkemea, Mheshimiwa. Nikamwambia Mkurugenzi hana cheti kwa sababu gome la saizi yake halijapatikana."

"Ulimjibu vizuri."

"Lakini watu walicheka."

"Walicheka?"

"Hata Nungunungu. Na Nungunungu hacheki ovyo, maana akicheka anawachoma majirani."

Jioni ile Fisi alichora mto mchangani, akaruka, tup, akajisahihisha. Alikuwa amefaulu. Lakini kwa kiwango gani? Wani haikumfaa, wani wanayo hata watoto wa Ngiri wenye kamasi. Akakaa akapiga hesabu, tumbo linanguruma, guru, guru, guru. Wani iko juu ya tuu. Tuu iko juu ya thrii. Thrii iko juu ya foo. Akahesabu kurudi nyuma: foo, thrii, tuu, wani. Na juu ya wani kuna nini?

Msicheke. Ni hesabu safi.

Asubuhi Mheshimiwa Fisi akajitunuku Divisheni Ziro. Akalichuna gome la mti mzima, akalivaa shingoni, likawa linamgonga magoti akitembea, po, po, po. Watoto wadogo wa bonde, ambao hawajawahi kumwona aliyefeli, wakastaajabu. Wazee walikumbuka ziro ni nini. Lakini waraka ulikuwa unasema pigeni makofi, nao wakapiga.

Mama Siwema akapiga kuliko wote. Kisha akaenda kwa Kenge.

"Mwalimu, mawe haya yanatakiwa yasafishwe upande gani wa mto?"

"Uhamisho wangu haukutaja upande."

"Yakisafishiwa ng'ambo yatakuwa na kosa?"

"Hayatakuwa na kosa."

"Na ukichagua yale marefu-marefu, ukayalundika pale juani?"

Kenge akamtazama kwa jicho moja. "Unataka yaonekane kama nini?"

"Yaonekane masafi tu, Mwalimu."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu," akasema Kenge, akaingia majini bila hata kurusha tone. Na kwa siku kadhaa ng'ambo ya mto kulisikika fyu, fyu, fyu.

Ikafika siku ya sherehe ya cheti cha Mkurugenzi. Kwa kuwa Mkurugenzi ametunukiwa kwa kuvuka mto, Mama Siwema alishauri sherehe ifanyike ukingoni, mandhari yapendeze. Wakaja wote: Baba Ngiri na familia, Nungunungu na nafasi yake pembeni, Mbweha ambaye hajawahi kukosa sherehe yenye chakula. Fisi akakaa kiti cha mbele na gome lake. Hotuba ya kwanza ilipoanza, akaangalia ng'ambo. Akaangalia tena.

"Mama Siwema. Kule ni nini kile?"

"Kipi, Mheshimiwa?"

"Kile cheupe. Kirefu. Kingi."

"Aa, kile. Macho yangu hayafiki mbali. Watu wanasema nyumbu walipita kule, na watoto wao wote wamefaulu kwa mtaala wako."

Mate yakamtoka Fisi, chururu, yakalowesha cheti. "Mbona hawakuleta huku?"

"Walikuwa na haraka. Tena walisema, mwenye ziro yake atavuka kujichukulia, tumsumbue kwa nini? Ila usijali, Mheshimiwa. Mbweha amejitolea kuvuka. Amesema atakuletea itakayobaki."

"Itakayobaki?"

"Ndivyo alivyosema. Mwaminifu sana yule."

Mbweha, aliyekuwa amelala, akafungua jicho moja kusikia anasifiwa. Fisi akasimama wima.

"Mbweha akae," akasema. "Suala hili ni la kiofisi."

Akatembea mpaka ukingoni, po, po, po. Wala hakusita. Angesita kwa nini? Mwenye wani anaweza kuvuka, na yeye alikuwa juu ya wani. Akarudi nyuma, akashika mwendo, akaruka kama alivyoruka mchangani.

Tubwi.

Gome likaibuka, na chini ya gome akaibuka Fisi. Watu wakapiga makofi, pa, pa, pa. Mto ukamgeuza akaangalia alikotoka, ukamgeuza tena, ukaanza kuteremka naye.

"Mbona anaelekea kule?" akauliza mke wa Ngiri.

"Anavuka kwa urefu," akasema Baba Ngiri. "Sisi wa wani tunavuka kwa upana."

Pa, pa, pa.

"Mbona anapiga kelele?"

"Anahutubia."

Pa, pa, pa. Wakawa wanatembea ukingoni sambamba naye, wanapiga makofi, mpaka Fisi akanasa kwenye mzizi wa mkuyu uliojitokeza katikati ya maji. Akaukumbatia kwa miguu yote. Karibu na mzizi ule palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba alikaa Kenge, anasugua.

"Mwalimu," akasema Fisi. "Nitoe. Glu."

"Mheshimiwa, nilihamishwa," akasema Kenge. "Kazi yangu ni mawe. Wewe si jiwe."

"Nakuamuru. Glu, glu."

"Amri ya mdomo haitengui uhamisho. Ulitufundisha mwenyewe."

Mama Siwema akasogea ukingoni, akainama kwa heshima zote. "Mheshimiwa, pole na kazi. Ukitamka hapo ulipo kwamba Mwalimu Kenge amerudi darasani, sisi wote tutakuwa mashahidi, na waraka utafuata."

"Amerudi. Glu."

"Na mwenye cheti akitaka kurudia darasa, aruhusiwe?"

"Aruhusiwe."

"Na mtihani urudi mtoni?"

Hapo palimuuma Fisi. Aliwaza mifupa itakavyopungua. Mzizi ukalia, krrr.

"Mama, unanionea."

"Nitakuoneaje, Mheshimiwa, mimi mzazi tu? Mzizi ndio unaolegea."

"Urudi. Glu, glu. Urudi mtoni."

"La mwisho, halafu ukapumzike. Mfupa wa shukrani usiletwe tena ofisini. Uwekwe ng'ambo, mtoto akishavuka kwelikweli, na mwenye kuutaka aufuate huko."

Fisi akamtazama Mama Siwema. Jicho la mama yule lilimwambia kwamba, mtoni au nchi kavu, ameshazama. Mzizi ukalia tena, krrr.

"Uwekwe ng'ambo," akasema, kwa sauti ya mtu anayezika ndugu.

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia," wakajibu, na kwa mazoea wakapiga makofi.

Hapo Mwalimu Kenge akaweka jiwe lake chini taratibu, akaingia majini, akamshika Fisi mkia, akamkokota mpaka ukingoni. Akamlaza kifudifudi, akamkanyaga mgongoni, maji yakamtoka puu. Kisha akamwambia:

"Umefeli. Kesho tena."

Taarifa rasmi iliyotoka ofisini ilisema kwamba Ziara ya Mkurugenzi ya Kukagua Kina cha Mto kwa Vitendo ilikamilika kwa mafanikio, na kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi.

Kesho yake darasa likafunguliwa. Watoto wote wa Divisheni Wani wakavua magome yao wakayatundika mtini, wakaingia majini. Na kwenye kundi la wadogo kabisa, pale maji yanapofika magotini, alisimama Fisi. Angefanyaje? Mifupa ilikuwa inakwenda kuwekwa ng'ambo.

"Mjomba," Siwema akamuuliza, "unalia?"

"Maji yameniingia."

"Na mimi huwa yananiingia. Piga miguu. Kichwa juu."

"Usinifundishe. Mimi ni Mkurugenzi wako."

"Haya, Mjomba. Lakini unazama."

Matokeo ya kwanza ya mtoni yalipotangazwa, hakuna hata mmoja aliyefaulu. Baba Ngiri akaja juu. "Mwanangu alikuwa na wani," akasema, "leo ana ziro. Mageuzi gani haya ya kurudisha watu nyuma? Kiwango cha elimu kimeshuka." Wazazi wengi walimuunga mkono, wakataka iundwe tume. Mama Siwema alikuwa anamtazama mwanawe anavyopiga mguu wa kushoto, na kuyatazama majani yaliyobaki.

Ngano yangu imefika ukingoni, mimi nashuka. Aliyelowa?

— Ajifute.

Aliyesinzia?

— Apewe wani.

Sasa, ngano lazima iwe na funzo, na funzo siku hizi lazima lipitishwe. Langu nimelipitisha kwa wahusika, wamelirekebisha, na hili hapa. Watoto wapendwa, cheti ndicho kinachovusha. Maji yasiwasumbue, yamepitwa na wakati. Mwalimu anayefelisha ana roho mbaya, ahamishwe. Mzazi anayeomba mtoto wake afeli apimwe akili. Na Mkurugenzi akionekana anazama, mjue anavuka kwa urefu. Mkiulizwa kwenye mtihani, jibuni hivyohivyo, mtafaulu wote.

— Na Siwema je?

Siwema hayumo kwenye funzo.

— Tunajua. Tunauliza alikuwaje.

Siwema alifeli, akarudia, akafeli tena, akarudia, na majani yalipokwisha upande huu alivuka na mama yake.